Foleni ya Vidumu

Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa mtunza ghala pale Kagugu, pembeni mwa Kigali, katika shirika dogo lililowagawia mafuta ya kupikia na mablanketi watu waliokimbia vita vya kaskazini. Juu ya magunia ya maharage nilitundika cheti changu cha shule ya jioni, mahali ambapo hata kipofu angekiona. Kwa hesabu yangu, hakukuwa na msomi mwingine kutoka Kagugu hadi mpaka wa Uganda.

Ghalani kulikuwa pia na redio ya mawasiliano. Kila siku saa nne asubuhi vituo vya misaada vilivyozunguka Kigali vilifungua redio kwa pamoja, tukapeana maarifa ya kazi kwa nusu saa. Tuliongea Kiswahili, maana huyu katoka Bukavu, yule Kigoma, yule Bujumbura, na kila mmoja aliamini Kiswahili cha mwenzake ni kigonjwa. Mtu aliitwa kwa jina la kituo chake. Adabu zilikuwa mbili tu. Mwenzako akisema, hugusi kitufe mpaka atamke "natoa njia." Na ukileta ujuzi, kwanza unasema umeupata kwa nani.

Kanombe alikuwa mama wa Kiislamu, fundi cherehani aliyeacha mashine yake nyumbani ili aje agawe misaada. Shule aliishia darasa la nne. Lakini akisema tu, "Kanombe hapa, wanangu, mmeamkaje?" hewa nzima ilitulia, nadhani hata ndege za uwanja wa pale kwake zilingoja kutua. Nikisema mimi, hasa habari za cheti changu, naapa nilisikia vijiko vikikoroga chai kwenye vilima vinne.

Basi ofisi ya mjini ikatangaza kwamba mwisho wa mwezi tumchague mmoja wetu wa kuongoza kikao cha redio. Hapakuwa na nyongeza ya mshahara wala kiti cha kuzunguka, ila kufungua kikao na kukifunga. Nilikitaka kibarua kile mpaka nikakosa hamu ya kula. Na kila nilipofikiria nani atanishinda, sauti ya yule mama ilinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Wiki hiyo nikatumwa Kanombe kuazima mablanketi. Nilichokiona huko kilinitia uchungu. Kwangu foleni ilikuwa mieleka: vijana mbele, bibi vizee chini ya miguu. Kwake hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesimama. Vidumu vyao vya mafuta ndivyo vilivyopanga foleni, kimoja nyuma ya kingine, kutoka mlangoni hadi kwenye mikaratusi, na wenyewe wamekaa kivulini wanapiga soga. Zamu ya kidumu ikifika, mwenyewe anainuka. Nilipakia mablanketi yangu haraka nikaondoka, nisije nikalazimika kumsifu.

Kesho yake saa nne nikabonyeza kitufe. "Kagugu hapa. Nimebuni jambo, mimi mwenyewe." Nikawaeleza foleni ya vidumu tangu mwanzo mpaka mwisho, na nikaipamba kidogo.

Kanombe akabonyeza kitufe. Kisha sauti yake, tulivu. "Asante, Kagugu, mwanangu. Ni jambo zuri. Hebu tufundishe, siku ya mvua mnafanyaje? Natoa njia."

Angeweza kunivua nguo mbele ya Kigali yote. Badala yake ameniuliza swali! Nilichukia zaidi.

"Siku ya mvua," nikasema, bila kuwahi kuijaribu hata siku ya jua, "tunavifunika vyote kwa turubai."

Siku mbili baadaye mvua ikanyesha. Kinyinya, bwana mmoja wa Bukavu mwenye ulimi wa pilipili, akaingia redioni.

"Kagugu, Bwana Cheti, asante kwa ujuzi wako. Upepo umebeba turubai, na vidumu vyangu vyote vimeshuka mlima. Nadhani saa hizi vinaogelea mto Nyabarongo, vinakusalimu."

Wengine wakacheka. Kinyinya mwenyewe hakucheka.

"Vyote vya njano, sha, ndugu yangu, vinafanana kama mapacha. Kila mtu akasema yeye ndiye alikuwa wa kwanza. Na bibi aliyefika kweli wa kwanza amerudi nyumbani bila tone la mafuta. Kesho anakuja. Nimwambie nini? Natoa njia."

Nilikitazama cheti. Nikakigeuzia mgongo, nikabonyeza kitufe.

"Kinyinya," nikasema, "sikubuni mimi. Niliiba kwa Kanombe. Na habari ya mvua nimeitunga hapa hapa nimekaa. Natoa njia."

"Kinyinya, mwanangu," Kanombe akasema, "vidumu si kitu. Asubuhi, kabla hawajavipanga, kila mtu namwambia asalimiane na wa mbele yake na wa nyuma yake. Wanaulizana hali, wametoka wapi, wana watoto wangapi. Mvua ikija kila mtu anabeba kidumu chake anakimbia, na ikiisha jirani zake wanamrudisha mahali pake. Nimefundishwa na mkimbizi mmoja wa Byumba, kule kaskazini. Huyo bibi kesho mpe wa kwanza, na mwombe radhi. Natoa njia."

Mimi nilikuwa nimeona vidumu. Salamu sikuziona.

Mwisho wa mwezi tukapiga kura hewani, kituo baada ya kituo: Kanombe, Kanombe, Kanombe. Ilipofika zamu yangu nilitamka "Kanombe" kwa sauti kuliko wote, isije ikasikika ilivyokuwa inauma.

Siku yake ya kwanza akatuambia, kabla ya ujuzi wowote, kila kituo kisalimiane na kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake katika zamu za kuongea. Mbele yangu alikuwa Kinyinya. Akaniuliza kama turubai langu halijambo. Nyuma yangu alikuwa mama mwenyewe.

"Mwaramutse, Kanombe," nikamsalimu kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kiswahili. "Umeamkaje, mama?"

Akanijibu. Na hata salamu aliijibu vizuri kuliko nilivyoitoa.