Neno Chini ya Kidole

Teresa alikuwa na namna yake ya kumsikiliza Mungu, na hakuna mchungaji aliyeweza kumbadilisha. Kila kulipopambazuka, kabla hajawasha jiko, alifumba macho, akaifungua Biblia popote, akashusha kidole. Neno lililokuwa chini ya kidole ndilo lililokuwa amri ya siku. Likiwa "mafuta", alinunua mafuta hata kama chupa imejaa. Likiwa "nyamaza", wenzake waliotandika naye vitanda hotelini Diani walipata raha mpaka jioni. Yaliyotangulia neno na yaliyolifuata hakuyasoma. Mungu, alisema, si mtu wa maneno mengi.

Alikuwa mjane kutoka Machakos, amepanga chumba Gazi, nyuma ya nyumba ya Bi Mejumaa, karibu na mikoko. Agosti ya 1997, ghasia zilipozuka na watu wa bara wakaanza kushambuliwa, wapangaji wenzake walihama mmoja mmoja. Rafiki yake Joan wa Ukunda, aliyefanya naye kazi, alitoweka na mumewe Duncan bila kuaga. Teresa alidhani wamepanda basi kurudi kwao. Aliumia, lakini angewalaumu vipi?

Ndipo mlango wake ukaanza kukwaruzwa.

Ilikuwa kabla ya adhana ya alfajiri. Kucha zilikwaruza mbao taratibu, chini kabisa, pasipo hodi wala sauti ya hatua. Zilinyamaza, zikaanza tena. Teresa alijikunyata kitandani, Biblia kifuani, akakemea pepo kwa jina la Yesu mpaka koo likamkauka. Mkwaruzo ukakoma. Kulipopambazuka alishusha kidole: "Ondoka."

Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo: kucha, kimya, na kwenye ukurasa mwingine kabisa, "Ondoka." Hakutaka kwenda popote. Hapo Gazi ndipo alipomzika mumewe, na kwao bara hakuna aliyekuwa akimngoja. Lakini nani abishane na Mungu? Mlango ulipokwaruzwa mara ya tatu alijifunika shuka gubigubi, na neno lilipokuja lile lile, akaanza kufunga mizigo.

Bi Mejumaa alimkuta akikaza kamba.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Na mfuko huu?"

"Naenda zangu. Mungu ameniambia niondoke."

"Hebu nisomee alivyokwambia. Na yanayofuata unisomee."

Teresa akasoma, kwa mara ya kwanza, mstari mzima, kisha kisa kizima. Kilikuwa kisa cha mgonjwa aliyelala, asiyeweza kusimama.

"Sasa huyu alikuwa ahamie wapi?" Bi Mejumaa aliuliza. "Hicho ni Kiswahili cha wazee wetu. Marehemu mama akiniambia ondoka, alitaka niinuke nilipolala. Waambiwa uinuke, mwanangu."

"Niinuke nifanye nini?"

"Hilo mimi silijui. Kitabu ni chako."

Alfajiri iliyofuata kucha zilirudi, safari hii kwa unyonge, zikipumzika kila mara. Teresa aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. "Naondoka, Bwana," akasema, akainuka kitandani, akavuta komeo.

Joan alikuwa amelala kifudifudi mlangoni, tope la mikoko limempanda mpaka shingoni, midomo imepasuka kwa chumvi. Hawakupanda basi lolote. Duncan alikatwa panga mguuni walipokuwa wakikimbia, wakajificha mikokoni, na kila alfajiri walitambaa mpaka mlango huu, wakiogopa hata kuita jina.

"Umefungua," Joan alinong'ona, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomchoma Teresa. "Duncan alikuwa akisema utafungua. Jana tulikuwa wawili."