Dawa ya Josho

Leo, katika duka moja hapa Bariadi, muuzaji alifungua dawa ya kuogeshea ng'ombe. Harufu ile ikanitoa nje.

Nilipokuwa mtoto, mdogo wangu alikuwa na mapunye kichwa kizima, ameyakuna hadi vidonda. Nesi alisema ni fangasi, inataka vidonge vya kumeza kwa wiki kadhaa. Baba akawatazama ndama waliowahi kuwa na mabaka kama yale.

"Hawa niliwapaka ya josho, wakapona. Yeye ana ngozi gani?"

Akaniita nimshike mdogo wangu kichwa, akampaka dawa ileile.

"Dada, inachoma. Ndiyo inaponya?"

"Ndiyo," nikamwambia.

Jioni alitokwa povu mdomoni. Kesho yake, tulipomwosha kwa maziko, mama alimfunga kitenge kichwani, watu wasione mapunye.