Fundi Isihaka na Maneno ya Mwalimu

Kasulu mjini, ukiuliza fundi wa kompyuta, watakunyooshea mkono kwenye duka la Isihaka, nyuma ya soko, lile lenye mlango wa kijani. Mwenyewe ni mtu mfupi wa miaka arobaini na kitu. Baba yake aliletwa huku na biashara ya vitambaa kutoka Tanga, mama yake ni Muha wa Nyakitonto. Na ana maneno huyo! Kompyuta isipowaka anaiita mgonjwa, yeye ndiye daktari, na hakuna mgonjwa aliyewahi kumfia mkononi. Ndivyo alivyokuwa akijisifu. Siku hizi hasemi tena.

Ilianza kwa simu kutoka Kitahana, kule Kibondo. Mpigaji alikuwa Mwalimu Makarius, mstaafu, mtu wa kanisa na mashamba yake ya maharage. Kwa miaka kumi na moja mzee huyu alikuwa akizunguka vijijini na daftari, anakaa na vikongwe, anaandika maneno ya Kiha ambayo vijana hawayajui tena: majina ya nyasi, ya magonjwa ya ng'ombe, maneno ya kumbembelezea mtoto na ya kulilia maiti. Akirudi nyumbani anayaingiza kwenye kompyuta ya mezani aliyonunuliwa na mwanawe. Daftari zenyewe mchwa walishazimaliza.

"Fundi, haiwaki," alisema. "Inalia piii, piii, piii, kioo cheusi. Na kazi yangu yote imo humo. Yote!"

"Mwalimu, ondoa shaka. Mgonjwa hafi mimi nikiwapo."

Kesho yake Isihaka akapanda basi la alfajiri. Alipofika, Mwalimu alimlaki barabarani kwa salamu ya Kiha. "Mwakeye, fundi! Mwakeye!" akamshika mkono kwa mikono miwili. Mkewe, Mama Felisiani, akaleta maji ya kunywa hata mgeni hajakaa. Mara Mwalimu huyo, ametoka uani na jogoo kwapani.

"Sisi ni Wakatoliki, wewe Mwislamu. Nikimchinja mimi hutakula. Nampeleka kwa Shamsi, yule mwenye duka njia panda."

"Mwalimu, usijisumbue. Nitamchinja mwenyewe."

"Mgeni achinje kitoweo chake? Nyumbani kwangu? Thubutu!" Akaondoka, mzee wa miaka sabini, juani, na jogoo wake akipiga kelele. Kwenda tu ni nusu saa.

Isihaka akafungua kasha. Vumbi jekundu limejaa hadi kwenye feni. Akachomoa kile kibao kidogo cha kumbukumbu ambacho mafundi hukiita ramu, akaona meno yake yamefanya weusi. Akatoa mfukoni ufutio, ule ule wa penseli wanaotumia watoto wa shule, akayasugua, akapuliza, akakirudisha mahali pake. Akawasha. Mashine ikalia mara moja tu, kioo kikawaka. Dakika tano! Mwalimu hajafika hata kwenye kona.

Sasa hapa, mtu mwenye akili zake angekunja mikono na kumshukuru Mungu. Lakini Isihaka aliona aibu. Ndiyo, aibu! Ametoka Kasulu alfajiri, jogoo anachinjwa, mzee wa watu anatembea juani kwa ajili yake, halafu aje aseme nini? Kwamba amesugua na ufutio? Mama Felisiani si atacheka, aseme hata yeye angeweza? Akaona afanye kazi inayolingana na jogoo.

Akaamua kupiga windo. Kwa mafundi wetu, kupiga windo ni kama panadoli: kichwa kikiuma, panadoli, mguu ukiuma, panadoli. Unafuta kila kitu, unaweka upya programu ya kuendeshea kompyuta, na yanapopanda yale matarakimu kwenye kioo watu wanasimama wanashangaa. Hapo fundi anaonekana fundi.

Isihaka ana desturi yake. Diski ya kila mteja anaigawa vyumba viwili, C na D. C inakaa windo, D inakaa mali ya mwenyewe, na akipiga windo anafuta C peke yake. Aliona kompyuta ya Mwalimu nayo imegawanywa hivyo hivyo, akajua maneno yamo kwenye D. Alijuaje? Hakujua. Hakufungua kuangalia. Hakumuuliza Mama Felisiani, aliyekuwa akimenya mihogo hatua kumi kutoka pale alipokaa. Hata flashi ya kuhifadhia ilikuwa mfukoni mwake. Akabonyeza.

Mwalimu alirudi ametota jasho, jogoo ameshachinjwa, akakuta matarakimu yanapanda. "Looo! Fundi, wewe mtu mkubwa!" Akavuta kigoda, akakaa kutazama. Kazi ilipokwisha akasugua viganja. "Haya, nionyeshe maneno yangu."

Isihaka akafungua D. Kulikuwa na picha tatu za harusi.

"Mwalimu, uliyaweka wapi?"

"Si pale pale mbele! Ukiwasha tu unayaona."

Pale mbele ni C, ile aliyoifuta. Isihaka akachomeka flashi, akaweka programu ya kufukulia vilivyofutwa, akafukua saa nzima. Vilivyotoka ni vipande vya maneno na viboksi vitupu, maana windo jipya lilishakaa juu ya vingine vyote. Mwalimu alikuwa bado anasubiri pembeni, mikono magotini.

"Mwalimu," Isihaka akasema, "diski ilikuwa imeshaoza. Nimeikuta hivyo."

Mzee akainuka polepole kwenye kigoda. Kisha akamwekea mkono begani. "Pole, fundi. Umetoka mbali kwa ajili yangu."

Pole! Anapewa pole yeye! Chakula kikaletwa, Mama Felisiani akamwekea firigisi, maana firigisi ni ya mkubwa, na siku hiyo mkubwa alikuwa mgeni. Na aliila. Angefanyaje? Hela ya ufundi akaikataa kwa nguvu, na Mwalimu akadhani ni wema.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Isihaka ilikuwa miezi mitatu. Kwanza alikuja katibu wa ushirika kutoka Kibondo na kompyuta yake. Kisha mtawa mmoja. Kisha mkuu wa shule. Wote na wimbo mmoja: "Mwalimu Makarius ametuambia wewe ni mkweli. Ulishindwa, ukasema umeshindwa, na hela ukakataa." Isihaka anainamisha uso kwenye kasha, anajifanya anatafuta bisibisi. Kila mteja alikuwa kama anamtia mwiba. Mwalimu mwenyewe akawa anapiga simu, haipokewi. Mwisho akatuma ujumbe: "Fundi, nauliza tu kama u mzima. Mama anakusalimu."

Siku hiyo hakuweza kula. Mkewe, Siti, akambana mpaka akasema yote, akilia kama mtoto. Siti akamsikiliza hadi mwisho.

"Sasa unaniambia mimi ya nini?" akasema. "Yalikuwa maneno yangu?"

Kesho yake Isihaka akapanda tena basi la alfajiri.

Mwalimu alikuwa mezani, daftari jipya mbele yake, kurasa nne zimejaa. "Mwakeye, fundi! Mama Felisiani, lete maji, mgeni wetu huyu!" Isihaka akakataa kukaa. Akasema amesimama, haraka haraka, asije akapata nafasi ya kugeuza maneno.

"Ilikuwa vumbi tu, Mwalimu. Nilisugua na ufutio, ikawaka. Diski haikuoza. Maneno yako yalikuwemo, yote. Nimeyafuta mimi."

"Ilikuwa imeshawaka?"

"Ilikuwa imeshawaka."

"Sasa ulifuta kwa nini?"

"Niliona aibu. Kazi ilikuwa ndogo, na wewe ulikuwa umeenda kunichinjishia jogoo."

Mwalimu akafunga daftari. "Bibi Nyamwiza nilikaa naye masika mawili," akasema polepole. "Tumemzika mwaka jana. Mzee Manirambona, yule mkimbizi wa Mtendeli, kambi ilipofungwa akaondoka, sijui kama yu hai. Nyimbo zake za kilio zilikuwa humo." Akamtazama Isihaka. "Na mimi miezi mitatu nawaambia watu wewe ni mkweli."

Mama Felisiani akaingia na maji kwenye kikombe, juu ya sahani, akipiga goti kumpa mgeni.

"Rudisha," Mwalimu akasema.

Mama alimtazama mumewe kama hajasikia vizuri. Katika nyumba ile hata mdai kodi hupewa maji.

"Nimesema yarudishe." Kisha akamgeukia Isihaka. "Wale watu niliokutumia, nitawaambia."

"Waambie, Mwalimu."

Akatoka. Jua lilikuwa la utosini, koo limemkauka, na mpaka kituo cha basi ni mwendo mrefu. Pale njia panda Shamsi alimwita dukani kwake apumzike, anywe walau kikombe kimoja. Isihaka alimshukuru, akapita. Hakunywa maji ya mtu yeyote hadi Kasulu.