Boksi za Juisi Ndani ya Pipa la Hilda Preece

Mtaa anaokaa Hilda Preece una mpaka katikati ya lami. Nyumba za mkono wa kushoto ziko Uingereza, za mkono wa kulia ziko Wales, na halmashauri za pande hizo mbili hazijawahi kukubaliana kuhusu taka hata siku moja. Upande wa Hilda una pipa la bluu la kuburuzwa, unatupia humo karatasi, makopo na boksi za juisi, lori linapita Jumanne. Upande wa pili hawana pipa, wana mifuko. Wao wanapokea vikopo vya mtindi, ila boksi ya juisi ukiwawekea wanakuachia hapohapo. Yaani upana wa barabara tu, lakini takataka ya huku kule ni mali.

Hilda alipikia watoto wa shule miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kushika pipa. Pipa lilikuwa la mumewe, Wynford. Huyo mzee alikuwa na mambo yake. Boksi ya juisi anaisuuza mara mbili, anakata pembe zote nne kwa mkasi, anaikunja bapa kama shati lililopigwa pasi, ndiyo anatupa. Hilda alikuwa akimcheka, "Unaiandaa iende harusini?" Naye anajibu, "Wewe pika, mimi nitupe."

Wynford akafariki Februari.

Jumanne ya tatu baada ya mazishi, Hilda akatoka kuangalia kama pipa limekaa vizuri ukingoni. Akafunua kifuniko. Juu ya magazeti yake kulikuwa na boksi tatu za juisi ya machungwa, zimesuuzwa, zimekatwa pembe, zimekunjwa bapa.

Hilda hanywi juisi ya machungwa. Inamchoma kifua.

Alisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi. Hakupiga kelele, hakumwita mtu. Alifunika pipa taratibu, kama unavyomfunika mtu aliyelala, akarudi ndani kuweka maji ya chai. Alipogeuka mezani, kulikuwa na vikombe viwili, na yeye mwenyewe ndiye aliyevitoa.

Jumanne iliyofuata, boksi mbili. Nyingine, nne. Basi ikawa ndiyo maisha yake. Jumatatu jioni anaburuza pipa hadi ukingoni, na Jumanne asubuhi anatoka na koti juu ya gauni la kulalia, anafunua, anaona, anasema, "Umeamkaje, mzee?" Halafu anasimulia. Goti limevimba. Yule paka wa jirani amezaa tena. Binti yao Carys anataka auze nyumba ahamie kwake, "nimemwambia tutafikiria." Tutafikiria, yaani yeye na nani? Lakini kwake ilikuwa sawa kabisa.

Juni ndiyo mambo yakaharibika. Lori lilipita, pipa halikumwagwa, na kwenye mshikio likaning'inia kadi nyekundu. *Boksi za vinywaji hazipokelewi tena.* Hilda akaona wamekosea tu. Wiki ya pili, kadi nyingine. Safari hii akamngojea kijana wa lori, Dougie, mwenye masikio mekundu kama kadi zake.

"Mama, si mliletewa barua Aprili?"

Barua ilikuja, kweli. Ila ilikuwa na jina la Wynford. Barua zote za Wynford Hilda alizitia kwenye kopo la kuhifadhia mkate bila kuzifungua, kwa sababu barua ya mtu haifunguliwi na mwingine.

"Na kadi ya tatu inakuwaje?"

"Ya tatu tunabeba pipa, mama. Si mimi, ni sheria. Usiziweke tu, basi."

"Siweki mimi."

"Sasa anaweka nani?"

Ungekuwa wewe ungesema nini? Hilda akaingia ndani, akafunga mlango, na woga aliokuwa hajausikia hata siku ya mazishi ukamkamata. Pipa likichukuliwa, Wynford atakuja kuweka wapi? Ataanza kuzunguka mtaani na boksi zake mkononi, anatafuta nyumba?

Jumatatu ile hakupanda kitandani. Alisogeza kiti dirishani, akakaa na mkasi wa Wynford mapajani. Nia yake ilikuwa moja tu, amtangulie. Amwambie sheria imebadilika, aje mikono mitupu, aje hivyohivyo.

Juni kule kunakucha mapema. Saa kumi na nusu alfajiri barabara ilishakuwa nyeupe, hakuna mtu, hakuna gari. Kisha akasikia ndara zikiburuzwa. Moyo ukamruka, maana Wynford alikuwa akiburuza hivyohivyo, mguu wa kushoto nyuma kidogo. Mtu akainama kwenye pipa. Kifuniko kikafunguliwa polepole, bila mlio.

Hilda akatoka miguu mitupu.

"Wynford."

Mtu akageuka. Alikuwa Alun Bebb, wa nyumba ya mbele, upande wa Wales. Yuko kwenye pajama, boksi mbili mkononi, uso kama mwizi wa kuku.

"Shemeji," akasema. "Utapata baridi."

Hilda akaziangalia zile boksi. "Ni wewe."

"Ni mimi."

"Tangu Februari?"

"Tangu miaka kumi na moja, shemeji. Halmashauri yetu hawazitaki hizi, yenu hawakutaka vikopo vya mtindi. Tukabadilishana mimi na mzee. Vikopo vyenu kwangu, boksi zangu kwenu. Akanifundisha na kukunja. Ukikosea pembe anakurudishia mlangoni."

"Na vikopo vyangu vya sasa?"

Alun akaangalia ndara zake. "Nachukua kwenye pipa lako jeusi, lile la taka za kawaida. Naviosha."

"Alun Bebb. Unachokora taka zangu."

"Mzee aliniomba niendelee. Alisema, Hilda hafunui pipa hata siku moja, hatajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja kukuambia. Jumanne ile ya mwanzo mwanzo. Nikakukuta unamsalimia." Akazigeuza boksi mkononi. "Nikarudi ndani. Wiki iliyofuata nikasema nisipoweka, utatoka hutakuta kitu. Hata walipobadilisha sheria nikashindwa kuacha. Nimenunua juisi kila wiki, shemeji, na juisi yenyewe nimeshaichoka."

Hapo Hilda akakaa juu ya ukuta mfupi wa bustani. Kwa mara ya kwanza tangu Februari mtaa ulikuwa mtupu kweli. Miezi yote hii kulikuwa na mtu. Sasa hapakuwa na mtu, na hapajawahi kuwa na mtu, na mambo yote yale ya goti na paka alimweleza nani?

Alun akazibana boksi kwapani. "Naondoka nazo. Likibaki safi hawalichukui."

"Acha."

"Watalibeba, Hilda."

"Najua. Likibaki, kila Jumanne nitafunua niangalie. Nitakufa ninafunua." Akazipokea zile boksi mbili, akazilaza mwenyewe juu ya magazeti, akafunika.

Wakakaa ukutani wote wawili mpaka saa moja, lori lilipofika. Dougie alipofunua alimtazama Hilda, akamtazama Alun na pajama lake, masikio yakazidi kuiva.

"Mama, nilikuomba."

"Chukua, mwanangu. Mimi ndiye niliyeweka."

Lilipoburuzwa, magurudumu yalilia mtaa mzima, na Hilda akawa anayasikiliza hata lori lilipokwisha kukata kona. Pale lilipokaa pipa miaka yote palibaki mraba mweupe kwenye saruji, msafi, umbo la kitu kisichokuwepo.

"Sasa magazeti yako utatupa wapi?" Alun akauliza.

"Kwako."

"Kwetu karatasi ni Alhamisi."

Hilda alishuka ukutani, akaenda akasimama juu ya ule mraba kwa miguu yake mitupu. Ulikuwa wa baridi tu, kama saruji nyingine yoyote.