Video za Mjomba Seleman Hazina Sauti

"Mjomba, mbona video zako hazina sauti?"

Nilimuuliza nikiwa darasa la tano, nimeegemea Starlet yake pale gereji, Majengo. Video za wenzake zilinguruma mpaka simu ikatetemeka. Za kwake kimya, kona zinapita tu. Akanijibu, "Maikrofoni imekufa." Dakika hiyo hiyo simu ikaita, akapokea, na wa upande wa pili akamsikia vizuri kabisa. Sikumwamini.

Mjomba Seleman, kaka yake mama, ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Jumapili moja kila mwezi yeye na wenzake wanaenda kwenye kiwanja cha zamani cha ndege ndogo, mbele ya Bomang'ombe. Wanapanga matairi yaliyopakwa chokaa, wanazunguka mmoja mmoja huku mtu akipima muda. Zawadi hakuna. Raha yao ni video: kila mtu anafunga simu kwenye dashibodi, jioni anairusha kwenye grupu, halafu utani unaanza.

"Seleman, hiyo kona umeiingia kama bibi harusi!"

"Basili nyamaza, wewe juzi umegonga matairi mawili!"

Zamani mjomba hakuzunguka peke yake. Kiti cha kushoto kilikuwa cha Rogath, rafiki yake tangu shule ya msingi, kitinda mimba wa familia ya wakulima wa kahawa kule Kibosho. Gari lilikuwa lao wote wawili. Rogath ndiye aliyemwelekeza akanyage breki wapi, akate wapi. Injini ilipokufa, ni Rogath aliyeleta nyingine.

"Umeitoa wapi?" mjomba akamuuliza.

"Wewe funga injini, mbe. Maswali ya nini?"

Jumapili iliyofuata walikimbia kuliko siku zote. Kona ya tatu gari likateleza, likageuka nyuma mbele, na Rogath, mikono kichwani, akaanza kusema Kichagga mfululizo. Mjomba ni mtoto wa mjini. Kichagga chake kilikuwa aika ya kushukuru na mbege, pombe ya ndizi, na mbege yenyewe hanywi. Akadhani mwenzake anasali. Jioni akairusha video na maneno haya: "Kona ya tatu, Rogath kakumbuka rozari!" Akaongeza vikatuni vitano vya kucheka.

Haikuwa sala. Rogath alikuwa anamwomba msamaha marehemu bibi yake, kwamba ameuza kwa siri kipande cha kihamba, tena kile chenye kaburi lake, ili apate injini. Aliona anakufa, akaungama. Na nusu ya grupu ni Wachagga.

Kesho yake asubuhi video ilikuwa imeshafika Kibosho. Kihamba si shamba tu, jamani. Ndipo penye migomba na kahawa ya familia, na ndipo wanapozikana. Mchana baba yake Rogath akamfukuza.

Mjomba alipoelezwa maana ya maneno yale, alikaa chini sakafuni kwenye grisi. Halafu akaulizia namna Wachagga wanavyoombana radhi, akapanda Kibosho na jani la isale mkononi, kama alivyoelekezwa. Mzee akalipokea.

"Wewe nimekusamehe," akamwambia. "Hukujua. Aliyejua ni yeye."

"Basi mzee wangu, na yeye…"

"Jani hili umeleta la kwako."

Rogath akahamia Himo, akawa dereva wa malori. Namba ya mjomba akaifunga.

Mzee alipofariki nilikuwa kidato cha kwanza, nikaenda mazikoni na mama na mjomba. Wana wote walitupia udongo kaburini isipokuwa Rogath. Alisimama barabarani, nje ya uzio, kofia mkononi, kama mpita njia. Mjomba akamfuata, nami nikiwa nyuma yake.

"Rogath. Ndugu yangu, nisamehe."

Rogath hakupandisha sauti. "Ungeniuliza kwanza, Seleman. Ulikuwa na mchana mzima. Ungeniuliza tu, 'Umesema nini?'"

Akavaa kofia yake, akashuka mlima kwa miguu. Mjomba aliita mara mbili. Sijawahi kumwona mtu mzima anaita hivyo.

Hadi leo Rogath hajapokea simu. Mjomba amemtafuta kwa namba za kila mtu, hata yangu.

Likizo hii, mimi nikiwa kidato cha nne, nilimkuta gereji Jumapili jioni anaandaa video ya kurusha. Nikamwona kwa macho yangu anaondoa sauti kwa kidole.

"Kumbe maikrofoni nzima, mjomba!"

Hakukasirika. Alifuta mikono kwa tambara, akachukua muda mrefu kuliko uchafu wenyewe.

"Haijawahi kufa. Nikiwa peke yangu humo ndani huwa naongea na Rogath. Namwomba radhi kwa Kichagga, ananifundisha Hilda, dada yake. Nakosea sana bado. Ila safari hii sitaki mtu mwingine asikie kabla yake."