Mizani ya Danbi Chini ya Sufuria

Asije mtu akaniambia Danbi alikuwa na nidhamu. Mimi ni mama yake mdogo, nilimwona kwa macho yangu. Mkimbiaji wa timu ya mji mzima, anakuja kwetu mwaka mpya na kuku wa kuchemsha, hana hata chumvi, na kimizani cha kupimia! Kila mlo lazima aupige picha amtumie kocha. Mfupa wa mguu umeshapasuka mara mbili, siku zake za mwezi zimekatika, na daktari kamwambia wazi kwamba mifupa yake ina njaa. Yeye anajibu labda hakupima chakula chake vizuri. Ebo!

Kwetu, asiyekula supu ya mwaka mpya hajaongeza umri. Danbi alikuwa ameiruka miaka miwili, na huu ungekuwa wa tatu.

"Una miaka mingapi vile?" mama yangu akamuuliza, huku akipakua.

"Ishirini na mitano, bibi."

"Mwongo! Ishirini na miwili. Hiyo mingine umeilia wapi?"

Tukacheka. Danbi hakucheka. Alianza kupima vipande vya mkate wa mchele vya ile supu, anaweka kimoja, anakitoa, anakirudisha. Nilitamani nikitupe kile kimizani dirishani.

Mama akarudi na sufuria ya moto, meza imejaa. "Sogeza hicho kidude, niweke wapi?"

Danbi akakitazama. Halafu akakisukuma katikati ya meza. "Weka hapo juu, bibi."

Plastiki ya kimizani ikaanza kunuka. Danbi akavuta bakuli, akala huku machozi yanamtoka.

"Nimechoka, mamdogo. Nimechoka kuogopa chakula."

Nililia na mimi, kwa hasira.

Simu ikalia: kocha anataka picha. Danbi akapiga picha bakuli tupu, akaituma. Kocha akapiga simu papo hapo, akifoka hadi sote tukasikia.

"Umekula nini wewe?"

"Mwaka, kocha."

"Unanitania? Nakuondoa mbio za Machi!"

"Niondoe. Mguu wenyewe ni mbovu, utanipeleka nikakimbie na nini? Ukipona nitakimbia, na nitakimbia nimeshiba. Kama si kwako, kwa mwingine."

Akakata simu, akamsogezea bibi yake bakuli.

"Nijazie. Bado miaka miwili."