Mkono Mmoja na Shubiri

Usiku ule nililala mapema kwa sababu sikuwa na jibu la kumpa fundi wa umeme. Alisema atarudi asubuhi, na anikute nimeshachagua taa.

Nyumba yetu iko Njombe, kwenye ukungu na baridi. Aliijenga marehemu Babu, aliyekuwa seremala. Chumba cha kulia alikipa dari la mbao linalopanda pamoja na paa, upande huu na upande ule, mpaka pande zote zinakutana juu sana. Mchana kinapendeza. Jioni, taa iliyofungwa kule kileleni inamulika mbao tu, na mwanga unafika chini umechoka. Tena meza haiko katikati, iko upande wa dirisha, chini ya mteremko. Ukikaa kula, taa iko nyuma yako na kichwa chako kinatia kivuli kwenye sahani.

Tangu Bibi afariki ninaishi humo peke yangu. Nakula jikoni, nimesimama. Dada yangu Zawadi, aliyeolewa Makambako, alinipigia simu akasema atakuja Jumamosi na mume wake.

"Nyumba ile ni kubwa, ina giza, na wewe huongei na mtu," alisema. "Tukiikuta bado iko hivyo, tunafunga mlango, unakuja kukaa kwetu."

Nilisema, "Ndiyo, Dada." Mimi hujibu hivyo hata ninapotaka kusema hapana.

Ndiyo maana nilimwita fundi. Alitazama juu, akacheka. "Kijana, hili ni dari la kanisa, humu anahitajika padri, siyo fundi. Nikufungie nini sasa? Taa ya tyubu ndefu kule juu? Hizi za vioo, tatu tatu, kama hotelini? Au moja ya kuning'inia? Ila ya kuning'inia uniambie waya utokee wapi na uishie wapi, maana paa lenyewe limelala upande."

Nilitazama viatu vyake. Nikasema nitafikiri.

Katika ndoto nilikuwa juu ya ngazi. Nilikuwa nimeshika tyubu, napanda, na kila nikipanda dari nalo linapanda. Halafu si ngazi tena, ni njia ya kwenda shambani. Kuna ukungu, na mahali pa mbingu kuna mbao zile zile za Babu. Bibi anakuja amebeba kuni. Amevaa sweta lake la bluu, lile lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine. Sikushangaa. Nilijua kwamba amekufa, na nilijua pia kwamba kuni ni nzito, nikampokea.

"Mume wangu," alisema. Aliniita hivyo tangu nikiwa mdogo, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu. "Mbona umekonda? Nitaolewa na mwingine."

Nikacheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi, sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

Sasa tuko mezani, sijui tumeingilia wapi. Viti ni sita na vyote viko wazi. Naongea, mimi ambaye siongei. Namweleza kuwa tyubu itafikisha mwanga kwenye kona zote, kwamba Dada akifungua mlango ataona chumba kizima kinang'aa, mpaka ubao wa mwisho kule juu. Bibi anatazama juu kwa muda mrefu.

"Kule juu unamwashia nani?"

Nilitaka kusema Dada. Mdomo wangu ukasema, "Wewe, Bibi."

Ananitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa na homa.

"Mimi siku hizi naona bila taa."

Nasikia mvua juu ya bati, ingawa dirishani hakuna mvua. Bibi anakunja mkono wa sweta. Anaweka kiwiko juu ya meza, vidole vimesimama. Halafu juu ya ncha ya kidole kirefu anaongeza shubiri ya mkono wa pili. Hivyo ndivyo alivyopima kila kitu maisha yake yote: matuta ya viazi, vitambaa, hata mlango wa banda la kuku.

"Hapa," anasema.

Na taa inashuka. Haitoki kileleni, inatoka kwenye mteremko, sawasawa juu ya meza. Inashuka na waya wake polepole kama buibui, inakuja kusimama kwenye vidole vyake. Mwanga wake ni mdogo, unaenea mezani tu. Viti vya mbali vimepotea. Kuta zimepotea. Dari sijui kama lipo. Naona ugali unafuka moshi, naona mikono yangu miwili. Mikono ya Bibi siioni tena, ingawa sauti yake iko pale pale.

"Kaa. Ule umekaa."

Nilikaa. Nilitaka kumwambia asiende. Nikasema, "Ndiyo, Bibi."

"Usiniambie ndiyo. Sema unachotaka. Mimi nimeshasikia, kamwambie Zawadi."

Nikaamka. Jogoo wa jirani alikuwa anawika na miguu yangu ilikuwa ya baridi. Nikampigia Dada. Nilikuwa sijawahi kumpigia mimi kwanza.

"Kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Dada, nataka kubaki hapa. Fundi atafunga taa ya kuning'inia, ishuke mpaka juu ya meza. Sitaki kufunga mlango. Nataka kubaki."



"Umemwota Bibi," alisema Dada. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Alisemaje?"

Nikamweleza yote, pamoja na kile kiwiko mezani. Nilisikia anafungua mlango na kutoka nje, kwa sababu mbuzi wake walianza kulia.

"Basi baki," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Mimi tangu tumzike hajanijia hata mara moja."

Nikamwambia asisubiri Jumamosi. Aje Ijumaa, alale kwenye kitanda cha Bibi.